Weusi wa Puani Si Uchafu

Ndugu zangu wanachuo, tuambiane ukweli. Vile vidoti vyeusi vinavyokaa puani na kidevuni havitokani na kutooga. Ngozi hutengeneza mafuta yake yenyewe, na seli zake zilizokufa hubanduka kila siku. Vitu hivyo viwili vikishikana ndani ya tundu la kinyweleo, vinaliziba. Tundu likibaki wazi kwa juu, kile kizibo kinakutana na hewa na kugeuka cheusi, kikisaidiwa na melanini, rangi ileile ya ngozi yetu. Ndiyo maana unaweza kusugua mpaka uchubuke na weusi ukabaki palepale.

Hapa Mtumba ni rahisi kulisingizia vumbi. Kiangazi chetu ni kirefu, upepo hauna huruma, na malori ya ujenzi wa Mji wa Serikali yanapita. Ukirudi jioni ukajifuta uso na kitambaa cheupe, hukitambui tena. Lakini vumbi linakaa juu ya ngozi, maji yanalitoa. Kizibo kiko ndani. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakotugharimu.

Mtu akiamini ni uchafu, atausugua. Ataanza na ndimu na dawa ya meno, ngozi itaungua. Ikishaungua inabaki na alama, na sasa anatafuta cha kuondoa alama. Hapo ndipo anapokutana na kikopo kisicho na lebo, kinachopitishwa chumba kwa chumba hosteli bumu likiingia. Mkorogo huo mara nyingi una steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Wiki za mwanzo uso unang'aa kweli, na sifa zinasambaa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinarudi kwa hasira, na zebaki inaweza kufika mpaka kwenye figo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya TBS. Mchanganyiko wa ndoo chumbani kwa mtu haujapimwa na yeyote.

Sisi wa ualimu tuna sababu ya ziada ya kulijua hili. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa mbele ya wenzake "kanawe uso", anabeba maneno hayo miaka. Mafuta ya ngozi huongezeka wakati wa balehe. Ni somo la baiolojia, si kosa la nidhamu.

Basi tufanyeje? Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na viganja, bila dodoki. Maji yetu yana chumvichumvi na sabuni haitoki upesi, kwa hiyo suuza vizuri. Paka losheni nyepesi. Mafuta ya nazi yaache usoni, na mafuta mazito ya nywele yasishuke kwenye paji. Usiminye: unaweza kukisukuma kizibo ndani zaidi na kubaki na kovu. Ukihitaji dawa, nenda famasi uulizie asidi ya salisiliki ya asilimia 2, au adapalini ya kupaka usiku. Kwa adapalini, mjamzito aulize kwanza, na mchana jikinge na jua. Kisha vumilia. Matokeo yanataka wiki 6 hadi 12, yaani karibu muhula mzima. Anayekuahidi siku tatu anataka hela yako.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya warembo, serikali ya wanafunzi ina kazi ya kufuatilia mikopo. Sawa, lakini hela ya kikopo inatoka kwenye mkopo huohuo, na wavulana nao wananunua, ila wananunua kimyakimya.

Ninachoomba ni kidogo. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, apewe mfamasia nusu saa azungumze nao kuhusu ngozi. Na viongozi wa hosteli wakatae krimu zisizo na lebo zisiuzwe kwenye korido zetu. Nusu saa haina gharama. Ngozi ikishaharibika, bumu la miaka mitatu halitoshi kuirudisha.