Mabalako: Kukata resori za mbele za taksi ni kuchezea maisha ya abiria

Kwenye barabara za eneo la Mabalako, kati ya Beni, Mangina na Cantine, gari ndogo za zamani ndizo zinazobeba watu wasioweza kupanda pikipiki: mama mwenye watoto watatu, mgonjwa anayepelekwa hospitali, familia iliyokimbia vita ikiwa na godoro, sufuria na gunia moja la unga. Nyingi ni Toyota za miaka ya 1990, Corolla, Carina na Starlet, usukani upande wa kuume, zilizozeekea mbali kabla ya kufika huku. Na nyingi zimeguswa mahali ambapo abiria haangalii kamwe: resori za mbele.

Kwanza gari iliinuliwa. Mashimo, matope na mawe yalimfanya mwenye gari atafute resori ngumu, mara nyingi za okazyo zilizotoka kwenye gari nzito zaidi, au asukume vipande vya pine kuukuu kati ya mizunguko ya resori ili pua ipande. Baada ya miezi michache usukani unagongagonga, kardani zinalia kwenye kona, taa za usiku zinapiga angani na kuwapofusha wanaokuja. Sasa anataka gari ishuke. Na hapo ndipo shalimo au diski ya kukata chuma inapotolewa, mzunguko mmoja wa resori unaanguka chini, na kazi inaitwa imekwisha.

Kazi hiyo haijaisha. Ni kazi mbaya, na inafaa ikomeshwe kwenye garaje za Beni, Butembo na Mangina kabla haijamuua mtu ambaye hata hajui resori ni nini.

Watu wengi wanafikiri resori ni kama kiti: ukipunguza mguu, kiti kinashuka kwa kipimo hichohicho. Si hivyo. Resori ina mambo mawili, urefu wake na ugumu wake, na kila moja linabadilisha lingine. Tuchukue mfano wa resori inayohitaji kilo 2 ili ibonyee milimita 1. Kona moja ya mbele ya gari ndogo isiyo na abiria inaiwekea kama kilo 250, basi itabonyea milimita 125. Mahali pake weka resori nyingine yenye urefu uleule inapokuwa chini mezani, lakini yenye kuhitaji kilo 2 na nusu kwa kila milimita. Kwa uzito uleule itabonyea milimita 100 tu. Pua imepanda sentimita 2 na nusu, ijapokuwa resori zote mbili ukizisimamisha pamoja zinalingana kama mapacha. Ndiyo sababu anayechagua resori kwa kupima urefu tu, kwenye rundo la vyuma vya okazyo, anabahatisha.

Sasa shalimo. Tuseme resori ile ya kwanza ina urefu wa milimita 350 na mizunguko 6 inayofanya kazi. Fundi anakata mmoja, anaondoa kama milimita 50, na anatarajia gari ishuke sentimita 5. Lakini chuma chenye mizunguko michache ni kigumu zaidi: kwa mizunguko 5, zile kilo 2 zinakuwa kilo 2.4. Gari inakaa, na imeshuka chini ya sentimita 3. Mwenye gari anaitazama, hatosheki, anasema kata tena. Fundi anakata tena. Sasa resori ina milimita 250 na ugumu wa kilo 3, mara moja na nusu ya ule wa zamani. Gari imeshuka karibu sentimita 6 na kila jiwe linaingia moja kwa moja mgongoni mwa aliyekaa mbele.

Hilo bado ni la maumivu tu. La hatari ni jingine. Kwenye gari hizi resori ya mbele imeizunguka amortisa na kukaa kati ya vikombe viwili, kimoja juu na kimoja chini. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, amortisa inanyooka mpaka mwisho wake. Tuseme inaponyooka hivyo inaacha milimita 290 kati ya vikombe. Resori ya asili, yenye 350, inabaki imebanwa. Ile iliyokatwa mara mbili, yenye 250, inabaki inacheza na sentimita 4 za hewa. Inaweza kuhama kikombe chake, na gurudumu likirudi juu resori inakaa upande. Ncha iliyokatwa pia haifanani na ncha ya kiwanda. Ncha ya kiwanda imetengenezwa ili ilale kwenye kikombe na kuzuiwa mahali pake, bali iliyokatwa inasimama juu ya makali yake na kuchimba chuma kila siku.

Wengine hawakati. Wanaipasha resori moto ikiwa palepale kwenye gari mpaka inakuwa nyekundu na gari inazama yenyewe. Hao ni wabaya kuliko wale wa kwanza. Chuma cha resori kilipewa nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa shalimo unaifuta nguvu hiyo mahali palipoguswa, na kumwagia maji baadaye kunaweza kukifanya kivunjike kama chungu. Upande wa kushoto hautazama sawa na wa kuume, na utaendelea kuzama wiki baada ya wiki. Tena amortisa iliyo pembeni ina mafuta na mpira ndani yake, navyo vimechomwa.

Mtu wa Beni atauliza: gari kuharibika ni jambo la kila siku, kwa nini makelele yote haya? Kwa sababu barabara hizi si barabara za kuharibikia. Kuna sehemu ambako kila shofere anaongeza mwendo na abiria wananyamaza, kwa sababu wote wanajua nani aliwahi kutokea porini na kufanya nini. Utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021 haukuondoa hofu hiyo, na vijiji vingi vya upande huu vimeona watu wake wakifunga mizigo zaidi ya mara moja. Gari inayokimbia kwa hofu, ikiwa imejaa, juu ya udongo uliochongwa na mvua kama mabati ya nyumba, ndiyo gari inayohitaji magurudumu yake yote yaguse chini. Resori ngumu yenye amortisa iliyochoka hairuhusu hivyo. Gurudumu linarukaruka, na freni ya gurudumu lililo hewani haifanyi kitu. Na ikiwa resori itahama au rotile itakatika, familia iliyokuwa ikikimbia itashuka na kusimama kando ya njia, mahali palepale ilipokuwa ikipakimbia.

Vijana wa Butembo wanaoshusha gari kwa ajili ya uzuri wana hoja yao, na si ya uongo. Kwenye lami safi gari iliyo chini kidogo hailali sana kwenye kona. Lakini lami safi ni kidogo huku, na gari haibaki Butembo. Leo inapeleka bibi arusi, mwezi ujao inauzwa, na aliyeinunua anaipeleka Mangina kubeba watu na kakao, karteri ikiwa upana wa kiganja kutoka kwenye jiwe. Jiwe likiipasua, mafuta yanamwagika na moteri inakufa kabla ya kijiji kinachofuata. Kwa njia za upande wa Mabalako, neno kushusha lingepaswa kuwa na maana moja tu: kuirudisha gari kwenye kimo ilichotoka nacho kiwandani. Kuizidisha chini ya hapo ni mchezo wa mtu asiyebeba abiria.

Kuirudisha kwenye kimo chake kunawezekana, tena mara nyingi hakuhitaji fedha nyingi. Cha kwanza ni kuondoa vile vipande vya pine. Vinaua resori polepole kwa kuzuia mizunguko miwili isifanye kazi na kuibebesha mingine mzigo wote, mpaka mmoja unakatika. Magari mengine yatashuka hapohapo bila kitu kingine. Kisha fundi apime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, gari ikiwa tupu na mahali palipo sawa, na aandike. Bila namba hizo hajui anatafuta nini.

Akienda kutafuta resori, jina la gari peke yake halitoshi. Corolla ya mazuti ina moteri nzito kuliko ya esanse, na resori zake za mbele ni ngumu zaidi. Ukizihamishia kwenye ya esanse, pua itapanda, na ndivyo magari mengi yalivyopandishwa bila mtu kujua sababu. Ukifanya kinyume chake, ya mazuti itazama mpaka kugonga bute. Alama ndogo za rangi kwenye resori za kiwandani ziliwekwa kwa ajili ya tofauti kama hizo, na fundi mzuri huzitafuta kabla hazijapigwa rangi nyeusi ya kuvutia wanunuzi. Zikiwa zimefutika, apime unene wa chuma kwa kipimo cha kweli, si kwa jicho. Tofauti ya chuma cha milimita 12 na cha milimita 13 haionekani kwa mbali, lakini kwa resori zilizo sawa kwa mengine yote, cha 13 ni kigumu kwa zaidi ya theluthi moja. Ahesabu mizunguko. Alinganishe ncha za juu na za chini na zile za zamani. Anunue mbili zilizotoka kwenye gari moja, kamwe si moja ya kushoto leo na ya kuume siku pesa itakapopatikana.

Na azitoe na kuzirudisha kwa chombo cha kubana resori, si kwa waya wa fensi. Resori iliyobanwa inaweza kumvunja mtu taya.

Hesabu nyingine inasahauliwa na wote: abiria. Mfano wa kilo 250 ulikuwa wa gari tupu, na taksi ya huku haiendi tupu. Mbele wanakaa shofere na watu wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, nyuma wanne, na mizigo juu. Hao watatu wa mbele, wakiwa na kama kilo 200, wanaweza kuongezea kila resori ya mbele kilo 50, yaani sentimita 2 na nusu nyingine chini. Anayechagua resori kwa kuangalia gari iliyosimama garaje, bila mtu ndani, amechagua kwa ajili ya gari ambayo haitaonekana barabarani. Kwa sababu hiyo resori mpya zikiisha kuwekwa, gari ijaribiwe ikiwa na watu ndani, kisha paralelismu ipangwe upya. Kimo kikibadilika, magurudumu yanageukia ndani au nje kidogo, na pine mpya inaliwa upande mmoja kwa muda mfupi.

Nani alipe? Hapa lawama imezoea kumwangukia fundi, na si haki. Fundi anapewa franga chache na kuambiwa gari itoke kabla ya jioni. Shofere naye anadaiwa pesa ya kila siku na mwenye gari, hata siku ambayo njia imefungwa kwa ajili ya milio ya risasi. Anayeamua ni mwenye gari, ambaye mara nyingi anakaa Butembo na hapandi gari yake mwenyewe. Resori mbili na amortisa mbili ni gharama yake, sawa na moteri, na shofere anayekatwa mshahara ili azinunue atachagua shalimo kila mara. ACCO, chama cha mashofere, kingefanya kazi ya maana kuliko kukusanya michango kama kingewaunga mkono wanachama wake wanaokataa kuendesha gari iliyokatwa resori.

Kuhusu ukaguzi, polisi ya barabarani inajua kusimamisha gari. Karatasi zinaombwa, jambo fulani linapatikana, gari inaendelea. Hakuna anayeinama kuangalia chini. Ilhali watu wa eneo hili la afya wanajua kupimwa. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, walishuka kwenye barieri, wakanawa mikono, wakapimwa joto, wakapanda tena. Kupima kimo cha taksi kwa mita ya fundi cherehani, kushoto na kuume, hapo parkingi kabla abiria hawajaingia, kunachukua muda mfupi kuliko kunawa mikono. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, kuna swali la kumwuliza shofere.

Abiria naye ana jicho. Kabla ya kufunga mizigo, mama anaweza kuisukuma pua ya gari chini kwa mikono miwili na kuiachilia. Ikipanda na kutulia, ni vizuri. Ikichezacheza mara tatu nne, amortisa zimekufa. Ikiwa haisogei kabisa, ama resori ni za gari nyingine, ama zimekatwa. Na pengo kati ya pine na bodi likiwa la vidole viwili upande mmoja na kiganja kizima upande mwingine, asubiri gari inayofuata, hata ikichelewa mpaka saa nane.