Tela Imara Siyo Tela Zito: Maoni Yangu kwa Tunaozunguka Minadani na Machimboni



Leo tuongelee tela. Siyo la semi. Naongelea lile dogo la kuvutwa na pikapu au Noah, linalobeba mali mchana, na usiku unatandika godoro humo humo juu ya mzigo wako. Mimi naishi hapa Songwa, Kishapu. Nauza mabeseni, ndoo na sufuria kwa kuzunguka minada, na machimbo yakichangamka nafika Mwakitolyo, hata Nyarugusu kule Geita. Wenzetu wa Australia wanatengeneza matela kama haya nyumbani kwao kwa ajili ya starehe, wanakwenda kulala porini wikiendi. Kwetu sisi ni duka, stoo na chumba cha kulala kwa pamoja.

Siku hizi wengi wanapeleka oda kwa mafundi wa kuchomelea mtaani, na mimi nawaunga mkono kabisa. Ukiwa na tela lako huningojei mimi wala Fuso ya mtu ijae. Ila kuna imani moja siikubali: kwamba tela la njia mbovu lazima liwe zito. Utamsikia mtu anamwambia fundi, "Weka chuma kinene kila mahali, sitaki mchezo." Msimamo wangu ni kwamba tela zito ndilo linalokufa mapema, na likifa linaondoka na mtaji.

Tupige hesabu kama wafanyabiashara. Bati la chuma la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 3 lina kilo 70 hivi. La milimita 1.5 lina kilo 35. Sanduku la tela likila mabati 3, tofauti ni kilo 105. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji unayoivuta kila safari, kwenda na kurudi, na hakuna mteja atakayeinunua. Unachoma mafuta kubeba chuma badala ya kubeba mali.

Halafu kuna udongo wetu. Anayelijua eneo hili anaijua mbuga, ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa, masika unakuwa gundi. Tela zito likizama pale, hata mje watu kumi kusukuma mtashusha mzigo wote kwanza, kwenye tope, huku mnada unaendelea bila wewe.

Nadhani imani hii tumeirithi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni mwingi hauna springi, umefungwa ekseli ya gari la zamani, unadumu miaka, na sisi tunasema ni kwa sababu ya uzito wake. Kiukweli unadumu kwa sababu ng'ombe wanatembea mwendo wa mtu. Tela la gari linakwenda kilomita 40 au 60 kwa saa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo kwenye shimo inaongezeka mara nne. Na kadiri tela lilivyo zito, ndivyo pigo hilo linavyoishia kwenye ekseli, beringi na maungio ya kuchomelea.

Sasa chuma kinene kiwekwe wapi? Kiwekwe chini. Mkono wa kuvutia, fremu ya chini na vishikizo vya springi, hapo usibane hela hata kidogo. Kuta na sakafu ya juu ziwe nyepesi: bati la milimita 1.5 lililokazwa na skwea paipu ndogo, juu turubai. Mtu akiangalia tela lako aone la kawaida, ila akiinama chini akute kazi.

Mambo manne mwambie fundi kabla hajawasha mashine:

1. Springi za majani zisichomelewe hata nukta moja. Chuma kile kimepewa ugumu wake kwa moto maalumu, ukikichomelea unakiua, kinakatika njiani. Zifungwe kwa boliti za umbo la U, zikilegea unakaza tu.

2. Matairi na rimu za tela ziwe sawa na za gari linalovuta, na upana kati ya tairi na tairi uwe sawa pia. Siyo wazo langu. Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilivuta nyuma ya Jeep tela dogo la robo tani, na tairi zake zilikuwa saizi ile ile ya Jeep yenyewe. Tairi la akiba linaingia kote, na tela linapita kwenye alama zile zile ambazo gari limekanyaga.

3. Ekseli isikae katikati kabisa ya sanduku, irudi nyuma kidogo, ili mbele kuwe kuzito kuliko nyuma. Kipimo rahisi: karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae kwenye mkono. Tela na mzigo vikiwa kilo 500, mkono ulalie kilo 50. Huna haja ya mtaalamu, weka mkono wa tela juu ya mizani ya nafaka usome. Mkono ukiwa mwepesi, ukifika kwenye lami ya Shinyanga–Mwanza mkia unaanza kucheza kushoto na kulia, na ukishaanza kucheza ni vigumu kuutuliza.

4. Minyororo miwili ya usalama kati ya gari na tela, taa za nyuma zinazowaka na vibao vya kuakisi mwanga. Kiungio kikichomoka usiku, minyororo ndiyo inayomwokoa mwenye baiskeli aliye nyuma yako.

Kuna wenzangu wananipinga. Wanasema, "Ukijenga jepesi utapakia kwa tamaa halafu livunjike." Hoja hiyo ni ya kweli, ila tiba yake siyo kuongeza chuma. Tiba ni kuandika kikomo cha kilo ubavuni mwa tela kwa rangi na kukiheshimu. Ulaya, na Australia pia, tela dogo likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake linatakiwa liwe na breki zake lenyewe. Matela mengi ya mtaani kwetu hayana breki. Kwa hiyo hata kama sheria ya mbali haikuhusu, ichukue namba hiyo kama ukuta. Ukiuvuka, siku ya kushuka mteremko tela ndilo litakaloendesha gari.

Sasa suala la kulala, na hapa naomba tusitaniane. Masika mvua inapiga, unafunga turubai pande zote, unaingiza jiko la mkaa ndani upate joto na chai. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia tu, huamki. Jiko likae nje, hata kama mkaa unaonekana umebaki majivu mekundu tu. Na fundi aache matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, yenye wavu wa mbu, yasiyoweza kuzibwa na mzigo. Vilevile tela likiwa kwenye mwendo hapandi mtu humo, awe msaidizi wako au mtoto wako.

Kabla ya kukata chuma, pita TRA na kwa askari wa usalama barabarani uulize usajili na ukaguzi wa tela unaendaje. Tela ni chombo cha kusajiliwa, lina namba yake. Tela lisilo na karatasi ni mali ambayo huwezi hata kuiuza vizuri siku mambo yakibana. Na kama mtaani kwako humuamini fundi yeyote, ulizia VETA au SIDO Shinyanga, hutakosa wa kukushauri.

Mwisho, usijenge kwa sababu jirani kajenga. Chukua daftari, andika nauli ya mzigo unayolipa kwa miezi mitatu. Tuseme unalipa 30,000 kwenda na kurudi, minada miwili kwa wiki: hiyo ni 240,000 kwa wiki nne. Toa mafuta ya ziada, matairi na grisi. Kinachobaki ndicho kitakachorudisha gharama ya tela, na kitakuambia ni baada ya miezi mingapi. Kama unakwenda mnada mmoja kwa mwezi, baki na Fuso, hela yako iongeze kwenye mzigo.

Lakini kama daftari limekubali, nenda kwa fundi ukiwa na kilo zako zimeandikwa. Akikuuliza unataka chuma kinene kiasi gani, muulize kwanza, "Sehemu gani?"