Jiko la Kona Mbaya



Saloni yetu tunaipanga vizuri. Viti viko, kitambaa cha meza kiko, kalenda iko ukutani. Lakini ukipita nyuma ya nyumba unakuta jiko: ukuta mmoja mrefu, mwingine mfupi, manjanja yameshuka mpaka mtu mrefu anainama, na kona moja ambayo hakuna anayejua kazi yake. Makala yamemwagika humo, kuku analalia mayai humo, bidoni zilizotoboka zimesimama humo tangu mwaka jana. Mama anapika katikati ya hayo yote, kila siku. Ukimwuliza baba, anajibu: «Jiko ni kitu ya bamama.»

Mwezi huu tuongee juu ya jiko hilo. Hatusemi libomolewe ili kujenga la kizungu lenye makabati. Tunasema namna ya kulipanga upya kwa feza kidogo, na kwa nini kazi hiyo ni ya baba pia.

KWA NINI JIKO LINAPINDA?

Butembo ni mji wa vilima, zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari. Mtu akipata parseli, anachimba mlima apate pahali pa sawa, na pahali hapo nyumba inapachukua pote. Jiko linapewa kilichobaki kati ya ukingo wa udongo na lupango. Baadaye ndugu wanagawana parseli, mpaka unakatwa kwa upande, na jiko linabaki na umbo kama kipande cha mkate.

Beni ni chini zaidi, joto ni jingi, na majiko mengi ni vibanda tu. Lakini tangu mauaji yaliyoanza mwaka wa 2014, jamaa nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Kibanda kikaongezwa kipande huku na kipande kule ili moto wa pili upate nafasi.

Basi jiko lililopinda halionyeshi uvivu wa mtu. Linaonyesha historia ya nyumba: mlima, urithi, vita, na wageni waliopokelewa. Usilionee haya. Lakini usiliache liue watu.

SHIMO BILA HEWA

Wewe baba au kijana unayeshuka shimoni kutafuta dhahabu, unajua sheria ya kwanza: shimo bila hewa ni kaburi. Hata kiongozi wa shimo akupe mfuko mzima, hauwezi kushuka kabla ya kujua hewa inaingia wapi na inatokea wapi. Sasa rudi nyumbani uangalie jiko la mke wako kwa macho yale yale. Hewa inaingia wapi? Moshi unatokea wapi? Kama kuta zimekuwa nyeusi mpaka chini na macho ya watoto yanatoka machozi, mke wako anashuka katika shimo bila hewa kila siku, na mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi na hewa chafu ya kupikia nyumbani viliua watu karibu milioni 3 na laki 2 katika mwaka wa 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Mtoto anaugua mapafu, mama anakohoa miaka mingi, na sisi tunatafuta aliyemloga. Mchawi ametundikwa juu ya mafiga.

Makala nayo ina hatari yake. Haina moshi mwingi, kwa hiyo mtu anadhani ni salama. Lakini inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Butembo usiku ni baridi, na wengine wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Wengine hawaamki. Mbabula isilale chumbani hata usiku mmoja.

Na neno hili ni la wachimbaji zaidi. Kuna wanaochoma dhahabu yenye merkiri, yaani zebaki, juu ya mbabula ya nyumbani kwa kuogopa wezi. Mvuke wa merkiri unaharibu ubongo na figo. Mtoto na mimba ndio wanaoumia kwanza. Unaingia katika udongo wa ukuta na kubaki humo. Usichome merkiri jikoni, wala chumbani, wala uwanjani watoto wanapocheza. Na sufuria au kijiko kilichofanya kazi hiyo kisirudi kwenye chakula tena, hata ukikiosha mara kumi. Hakuna faida kupaka ukuta rangi nzuri kama sumu inabaki ndani yake.

CHORA CHINI KWANZA

Katika Luka 14 Bwana Yesu anatukumbusha mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi kuhesabu gharama. Kabla ya kumwita fundi, fanya hivi.

Toa vyombo vyote nje. Pima kuta kwa kamba, kisha uchore jiko lako uwanjani kwa majivu, ukubwa ule ule, na mlango pahali pake. Weka ndani ya mchoro mafiga, bidoni ya maji, kinu, kikapu cha mihogo. Sasa mwombe mama apike fufu na sombe bila moto, atembee tu kama kawaida. Watoto wahesabu hatua. Utashangaa: maji yako mlangoni, moto uko mwisho, chumvi iko nyumbani. Hamisha vitu ndani ya mchoro, mhesabu tena. Makosa ya majivu yanafutwa kwa mguu. Makosa ya simenti yanakula feza.

Hata wakubwa wa ulimwengu walifanya hesabu kama hiyo. Mwaka wa 1926, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mchoraji wa majengo, mwanamke anayeitwa Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida. Upana wake haukufika meta 2, na urefu ulikuwa karibu meta 3 na nusu. Alipima hatua na dakika za kazi ya mpishi, akaweka kila kitu pahali mkono unapofika. Majiko karibu 10,000 ya namna hiyo yalijengwa mjini humo. Nafasi kidogo ikipangwa vizuri inatosha.

MOTO UPATE PAHALI PAKE

Jiko lote linapangwa kwa kufuata moto. Siku tatu, asubuhi na jioni, angalia moshi unaelekea wapi, maana upepo wa kilimani haufuati mapenzi yetu. Kisha chagua pahali pa moto kwa sheria hizi:

1. Uwe upande ambao manjanja ni ya juu zaidi, kwa maana moshi unapanda. Hapo juu fungua tundu refu kati ya ukuta na manjanja, au inua njanja moja na kulifunika kwa kofia ili mvua isiingie.

2. Upande wa pili, karibu na chini, acha hewa iingie. Tundu la juu peke yake halivuti.

3. Usiuweke katika sehemu nyembamba ya jiko. Mafuta yakiwaka au sufuria ikipinduka, mama apate nafasi ya kurudi nyuma.

4. Usiwe njiani mwa mlango, pahali watoto wanakimbia.

Kisha inua moto kutoka chini. Jenga benchi la mawe na udongo lenye kimo cha kiuno, uweke mafiga au mbabula juu yake. Mgongo wa mama utapumzika, na mtoto anayetambaa hataufikia moto. Kwa wanaotumia kuni, jenga jiko la udongo lenye mlango mmoja wa kuni na tundu linalokumbatia sufuria. Changanya udongo wa mfinyanzi na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Fanya kwanza matonge madogo uyakaushe kivulini: likipasuka, ongeza mchanga, likivunjika kama unga, ongeza mfinyanzi. Ukimaliza kujenga, ngoja wiki mbili au tatu likauke kabla ya kuwasha moto mkubwa.

Kwa wa makala, tafuta mbabula yenye udongo uliochomwa ndani yake. Namna hiyo ilienea Kenya tangu miaka ya 1980, na mafundi wetu wa Kivu wanaitengeneza. Ikitumiwa vizuri inapunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Feza hiyo inarudi mfukoni, na miti ya Virunga inapumua kidogo.

KONA MBAYA IFANYE KAZI

Sasa ile kona. Wengi wanataka kunyoosha ukuta. Usinyooshe! Ukuta mpya ni matofali, ni fundi, na nafasi inapungua. Na kama nyuma yake kuna ukingo wa mlima, usichimbe chini ya ukingo kutafuta nusu meta. Mvua ya Butembo imekwisha kuangusha udongo juu ya nyumba za watu. Kazi yako huko nyuma ni mtaro, ili maji yapite mbali na ukuta.

Kona nyembamba ni pahali pazuri pa vitu vinavyokaa: kuni kavu, gunia la makala, mihogo na viazi. Funga etajeri za pembe tatu moja juu ya nyingine, kwa mabanzi ya mbao ambayo wapasuaji wanayauza rahisi. Banzi halihitaji kunyooka ili likae katika kona isiyonyooka. Gunia la makala likae juu ya mbao, lisiguse udongo wenye maji, wala lisikaribie moto.

Kona ya mlangoni iwe ya kinu. Anayetwanga sombe anahitaji mwanga na nafasi ya mikono, hahitaji kuwa karibu na moto. Na kando ya mlango huo huo weka bidoni yenye mfereji mdogo, na sabuni. Hatujasahau Ebola iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na maji ya kunawa. Nyingi za bidoni hizo leo zimerudi kuwa za mafuta. Rudisha moja jikoni.

UZURI USIO WA KUNUNUA

Baada ya moshi kupata njia, paka kuta chokaa au udongo mweupe. Jiko jeupe linaonyesha uchafu, tena linaongeza mwanga bila kununua taa. Pahali ukuta ni wa miti na udongo, ingiza chupa tupu za rangi mbalimbali, kitako kikitazama nje. Jua likipanda, ukuta unawaka kijani na manjano. Ukuta uliopinda usifiche: jenga juu yake kibenchi cha udongo kifuate mpindo wake, nyanya aketi hapo akichambua maharagi na kusimulia hadithi. Kinu cha zamani na kikapu kilichosukwa vitundikwe au vikae pahali pa kuonekana. Mgeni ataliona ni jiko la jamaa fulani, haliwezi kuwa la mwingine.

FEZA IENDE WAPI?

Fuata mpango huu: kwanza mtaro na manjanja yanayovuja, pili njia ya moshi, tatu benchi la moto, nne etajeri, mwisho rangi. Wengi wanaanza na rangi, na baada ya mwezi mmoja moshi umeila. Udongo, mchanga, majani, mawe na chupa havidai feza nyingi, na vijana wa kanisa wenye nguvu wapo. Pale usipokaze mkono ni misumari, miti inayobeba manjanja, na njanja la juu ya moto.

Kama unapanga nyumba ya mtu, ongea kwanza na mwenye nyumba, uandike mliyokubaliana. Na kama unaishi pahali ambapo unaweza kukimbia usiku, tumia feza kwa vitu vinavyobebeka: mbabula nzuri, etajeri ya kufungua, bidoni yenye mfereji. Benchi la udongo utaliacha bila majuto mengi, kwa sababu lilikuwa la udongo.

Neno la mwisho kwa baba anayerudi mgodini. Kabla ya kupanda pikipiki, kaeni wawili, mkubaliane kiasi gani cha mauzo ya kwanza kitakuwa cha jiko. Hukumu ya nyumba isingoje shimo lijibu. Anza na mtaro na tundu la moshi, kazi ya siku moja na jembe.

KWA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Moshi wa jiko letu unatokea wapi? Nani anauvuta zaidi?
2. Ni hatua ngapi kutoka maji mpaka moto?
3. Kona yetu mbaya inaweza kufanya kazi gani?
4. Kuna chombo jikoni kilichogusa merkiri? Kitoke leo.

Bwana abariki moto wa nyumba yako, na hewa yake pia. Tuonane mwezi ujao.