Masta bila tasnifu nayo ni masta

Nimeadimika kidogo, si kwa ubaya, ni asaimenti zilizopangana kama foleni ya Ubungo. Leo nataka tuongee jambo ambalo limekuwa gumzo chumbani kwetu wiki nzima.

Kuna mshikaji wetu mmoja alimaliza uhandisi mwaka jana. Amepata nafasi Marekani kusoma masta ya uhandisi wa baiolojia, ile fani inayokutanisha ufundi na mwili wa binadamu: mashine za wodini, viungo bandia, vipimo vya maabara na kadhalika. Sasa masta yenyewe ni ile ya kikazi, si ya utafiti. Mwaka mmoja tu, hakuna tasnifu, na ada unajilipia. Ukoo umeshakaa kikao. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye sauti pale nyumbani, kasema masta isiyo na tasnifu ni cheti cha kuhudhuria semina. Mama yake kasema kiwanja kiuzwe, mtoto aende. Jamaa yuko katikati, na chuo kinataka jibu mwisho wa mwezi.

Msimamo wangu ni huu: mjomba hayuko sahihi, ila na kiwanja nacho kisikimbiliwe.

Nianze na mjomba. Shikamoo mjomba. Sisi tunaosoma ualimu hili tunalijua vizuri kuliko watu wengi. Unaweza kupata A kwenye saikolojia ya elimu, ukaandika kurasa hamsini kuhusu ufundishaji, halafu ukaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ukasimama mbele ya Form Two sabini, chaki ikakutetemeka mkononi. Msimamizi kakaa dawati la nyuma na karatasi yake. Hasomi insha yako, anaangalia kama watoto wameelewa. Hakuna anayesema wiki zile si elimu. Kwa nini basi mhandisi anayepimwa kwa kifaa alichotengeneza aonekane kasoma nusu?

Hebu tuone wanachosoma. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, wana masta ya mwaka mmoja ya ubunifu wa vifaa tiba. Wanafunzi wanaanza kwa kuzunguka wodini na kuangalia madaktari na manesi wanakwama wapi, ndipo wanachagua tatizo la kushughulika nalo kwa timu. Berkeley nao wana yao ya uhandisi wa baiolojia: kozi za fani, kozi za uongozi na usimamizi, halafu mradi wa mwisho. Humo mtu anajifunza mambo ambayo tasnifu nyingi hazigusi: kifaa kinapataje kibali cha mamlaka, kinajaribiwaje kwa wagonjwa bila kuwadhuru, kitauzwa bei gani, nani atakitengeneza kikiharibika.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha utafiti uliokusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Asilimia 38.3 vilikuwa havifanyi kazi. Jamani, karibu vifaa vinne katika kila kumi! Na kifaa hakifi kwa sababu sayansi yake ni mbovu. Kinakufa kwa sababu umeme umeruka, kipuri hakipatikani, au hakuna aliyefundishwa kukitumia. Hapo hatukosi nadharia. Tunakosa watu wanaojua kutoa kitu maabara na kukifikisha wodini kikiwa kizima.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu wa umri wetu huu huu, walipewa kazi ya kubuni mashine ya bei nafuu ya kusaidia vichanga kupumua. Wakaanza na pampu za matangi ya samaki wa mapambo! Hewa inasukumwa puani kwa mtoto, na upande wa pili mrija unazamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha maji ndicho kinachopima shinikizo, na shinikizo hilo linazuia mapafu yasisinyae. Wakaipeleka hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: katika vichanga vilivyotumia mashine hiyo asilimia 71 walitoka hospitali hai, na kwa waliopewa oksijeni ya kawaida peke yake ilikuwa asilimia 44. Kundi lilikuwa dogo, vichanga 87, lakini tofauti hiyo nani ataidharau? Mashine inaitwa Pumani, neno la Kichewa. Mswahili wala huhitaji mkalimani. Na kazi hiyo ilianza kama mradi wa darasani, si kama tasnifu.

Haya, sasa kiwanja.

Ukweli ni kwamba Marekani mwanafunzi wa PhD ya sayansi au uhandisi kwa kawaida analipiwa ada na kupewa posho. Wa masta ya kikazi kwa kawaida anajilipia mwenyewe, na ada yake si mchezo. Huko hakuna boom la kusubiri. Kwa hiyo kama jamaa anataka kuja kuwa mhadhiri, mjomba ana hoja: hapo anahitaji utafiti na machapisho, na atafute njia inayolipiwa. Lakini kama anataka kukaa na vifaa, kubuni na kutengeneza, masta hii ndiyo mahali pake.

Ila kabla ya kutoa hati ya kiwanja aandike barua pepe aulize. Mradi wa mwisho unafanyika na hospitali gani? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi? Kuna punguzo la ada? Chuo kisichojibu hayo hakistahili hela ya mama wa mtu. Aangalie na hapa nyumbani pia. Mradi wa NEST360 wa vifaa vya vichanga, ulioanza 2019 na ambao Rice wamo, ulishirikiana na DIT pale pale Dar. Anaweza kwenda kugonga hodi kwa daladala, akaonja kazi yenyewe kabla ya kuilipia.

Kwa hiyo mjomba, mpime kijana kwa atakachokitengeneza. Na wewe kaka, uliza kwanza. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, lakini nafasi vyuo vingi hukubali kuiahirisha ukiomba mapema.

Naomba kuwasilisha. Ngoja niwahi pindi la saa nane.