Matete ya Bahi Yasikatiwe Maji

KUTOKA KANDA YA KATI
Na Yona Ndahani

Ukitaja uvuvi mbele ya mkazi wa Dodoma, atakuelekeza Mwanza, Kigoma au Feri kule Dar es Salaam. Sisi huku tumezoea kujitambulisha kwa zabibu, karanga na ukame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi haifikishi milimita 600 kwa mwaka. Hata hivyo, si kila perege unayemkuta Soko la Majengo ametoka Ziwa Victoria. Wapo waliovuliwa Bahi, Hombolo na Mtera, kwenye maji yaliyojaa matete na majani ambayo wengi wetu huyapita ndani ya basi bila hata kugeuza shingo.

Mvua za mwaka huu zilipokatika nilikwenda kuvua kwa ndoana katika maji hayo, wiki nzima, pamoja na swahiba wangu wa Zuzu. Ni fundi umeme wa majumbani, na anaishi upande ule wa kituo kikubwa cha kupoza umeme, ambako nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya mashamba ya mtama na uwele. Jioni, kazi zikiisha, hutazama kwenye simu video za Wamarekani wakivua samaki aitwaye besi. Amezitazama kwa miaka, hata anazijua tabia zote za samaki huyo ingawa hajawahi kumtia mkononi.

Besi ni samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, anayejibanza ndani ya majani ya majini akimvizia anayepita. Wamarekani wanampenda kupita kiasi. Rekodi ya dunia, kilo 10 na ushei, iliwekwa mwaka 1932 na kijana wa jimbo la Georgia, George Perry, aliyekwenda kuvua na rafiki yake. Samaki mwenyewe aliishia jikoni, familia ikamla. Hakuna aliyeifikia rekodi hiyo hadi mwaka 2009, Manabu Kurita alipomvua wa uzito kama huo katika Ziwa Biwa, Japani. Afrika Mashariki besi aliletwa Naivasha mwaka 1929, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotamani aletwe hata kwetu. Ziwa lile lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, mdogo sana, na tangu mwaka 1962 hajaonekana tena. Samaki mgeni mla wenzake hana nafasi katika maji yenye wenyewe, na maji yetu yana wenyewe. Ninachotaka tujifunze kwa wavuvi wa besi ni jambo lingine: wanajua kwamba samaki yuko majanini, na pasipo majani hawapotezi muda wao.

Anayevua majanini hupambana kwanza na ndoana yake. Ukiirusha ikiwa wazi kati ya matete, utavuta matete. Wamarekani hutumia mnyoo wa plastiki na kuificha ncha ya ndoana ndani ya mwili wake, ili ipenye majani bila kushika. Samaki akiuma na mvuvi akakaza mshipi, ncha inatokeza na kumnasa. Fundi wangu alifanya hivyohivyo kwa nyungunyungu aliowachimba Zuzu, kwenye udongo mbichi karibu na bomba. Kwa kambale alichukua kipande cha sabuni ya mche, chambo ambacho wavuvi wa ndoana wa Ziwa Victoria wanakifahamu vizuri. Zana zake nyingine zilikuwa ufito wa mkole, mshipi wa nailoni, nati ya baiskeli badala ya chubwi, na boya alilolikata kwenye ndala kuukuu.

Tulianzia Bahi. Ziwa Sulunga, ambalo wengine huliita tu mbuga ya Bahi, hulishwa na Mto Bubu unaoteremka kutoka upande wa Kondoa. Halina mlango wa kutokea. Maji yakiingia hutandaa juu ya tambarare, kina kifupi, chumvichumvi, na majani huota humohumo ndani yake. Mwaka wa mvua nzuri huwezi kuona ng'ambo kwa matete. Mwaka wa ukame ng'ombe hupita katikati yake na vumbi linatimka. Wavuvi wa pale, ukishawasalimu "Mbukwenyi" na kuonyesha leseni, watakwambia hali ya ziwa kwa kutaja miaka lilipojaa na miaka lilipokauka, kwa kuwa ndiyo miaka walipopata ada ya shule au kuikosa.

Siku ya kwanza niliziona kwa macho yangu nyumba za perege. Palikuwa na mfereji mwembamba kati ya matete, maji yametulia na kusafika, jua limepanda. Chini kwenye tope kulikuwa na mashimo ya duara kama masinia, moja baada ya jingine, na juu ya kila shimo dume mweusi akizunguka na kuwafukuza wenziwe. Dume huchimba, jike huja kutaga, kisha jike huyaokota mayai yote kwa mdomo na kuondoka nayo. Huyalea kinywani hadi yaanguliwe, na vifaranga wakishaanza kuogelea bado hukimbilia humo wakiona hatari. Mama huyo anahitaji mahali pa kujificha, maji mafupi yenye joto, na majani ambayo ndege na kambale hawapenyi kirahisi. Anayahitaji yote hayo pembezoni. Katikati ya ziwa hakuna hata kimoja.

"Usimtoe kwenye majani, ndugu yangu," swahiba aliniambia kwa sauti ya chini nilipotaka kuuvuta mshipi kwa pupa. "Mfuate humohumo." Boya la ndala halikuzama kama nilivyotarajia. Lilitembea upande, polepole, likaingia chini ya majani na kupotea. Hivyo ndivyo kambale anavyouma: anachukua chambo na kurudi nacho kwake. Alipotoka alikuwa mrefu kuliko mkono wangu, sharubu zimesimama, mwiba wa kila pezi la ubavuni umekazwa. Alikaa juu ya majani mabichi akihema bila shida, maana kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya nje, na ndicho kinachomwezesha kuvumilia tope maji yanapokauka. Usiku huo tulimla kwa ugali wa uwele na mlenda. Perege wa mashimo yale hatukuwagusa.

Nieleze kwa nini. Katika maziwa ya chumvichumvi ya Kanda ya Kati na Bonde la Ufa, yaani Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na hili Sulunga, kuna perege ambaye wanasayansi wanamwita Oreochromis amphimelas. Jina la amphimelas alipewa mwaka 1905. Nje ya Tanzania hapatikani popote duniani, na Orodha Nyekundu ya IUCN imemweka kati ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tunasafiri mbali kuonyesha wageni tembo, ambao hata majirani wanao. Huyu wa kwetu peke yetu tunamkaanga bila kumjua, na hiyo si dhambi, mradi kizazi chake kibaki.

Kizazi hicho kinategemea mafuriko ya Mto Bubu. Na juu ya mto huohuo, Wilaya ya Chemba, ndipo lilipopangwa Bwawa la Farkwa la kuleta maji Dodoma. Sipingi mradi huo. Ninaishi mji huu, ninajua ratiba ya mgawo wa maji na ninajua bei ya dumu yanapokatika. Serikali imehamia hapa, watu wameongezeka, na visima vya Makutupora haviwezi kubeba mzigo wote milele. Ninachosema ni kwamba ziwa linalotegemea mafuriko ya mto haliwezi kuishi kwa mabaki. Bwawa likiyashika maji ya kila mwaka na kuyaachia kidogokidogo, Bahi itapata kijito badala ya furiko, na kijito hakifiki kwenye matete. Wahandisi wanaweza kupanga lango lifunguliwe kwa wingi wiki chache za msimu ili ziwa litandae. Hilo linafanyika kwenye mabwawa mengine duniani, na gharama yake huhesabiwa tangu kwenye michoro.

Hombolo hatukukaa sana. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1957, na kila mvua kubwa huingiza humo tope la vilima vilivyokatwa miti. Mashamba yamesogea hadi unaweza kusimama kwenye tuta la nyanya na kutumbukiza ndoana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka ukingoni ambazo hazipaswi kuwa na shughuli za kudumu wala shughuli yoyote inayoweza kuyadhuru mazingira ya pale. Wapo watakaoniambia kwamba majani ya Hombolo ndiyo makao ya konokono wa kichocho, kwa hiyo yafyekwe. Kichocho ni kweli kipo na kimewatesa watoto wengi. Basi pafyekwe pale akina mama wanapochota maji na watoto wanapooga, watu wapatiwe dawa na vyoo, na sehemu nyingine zote ziachwe. Kufyeka ukingo mzima kunawaondolea perege makao bila kumwokoa mtoto anayeingia majini kwa sababu bomba la kijiji limekauka.

Mtera ndiko tulikomalizia. Barabara ya Dodoma–Iringa inapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe, na upande wa juu maji yamelala juu ya miti iliyokufa imesimama, nyeupe, kila tawi na ndege wake. Humo tulivua kutoka nchi kavu tu, kwa sababu ya viboko na mamba, na wenyeji walitukazia hilo. Mitambo ya umeme ya Mtera ni ya megawati 80, na Kidatu iliyoko chini yake ni 204. Maji yake yameruhusiwa kupanda hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi 690. Kwa nchi tambarare namna ile, maji yakishuka mita moja huacha eneo kubwa mno likiwa wazi, pamoja na mashimo ya perege yaliyokuwemo.

Miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, nchi nzima ilikuwa ikisikiliza habari za kina cha Mtera, kwa maana ndicho kilichoamua kama taa zitawaka. Wakati ule kumtetea perege kungekuwa kelele. Leo kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 kule Rufiji. Sasa TANESCO na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wana nafasi ya kukaa na wavuvi wa pande zote mbili za Mtera na kukubaliana miezi ambayo maji hayatashushwa ghafla. Nao wavuvi wana deni lao. Tulikuta kokoro limeanikwa mchana kweupe, wavu uliopigwa marufuku, unaoburuzwa chini hadi majanini na kuzoa mayai, vifaranga na mama zao. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, BMU, vipo kwa ajili hiyo. Kijiji kinachomjua mwenye kokoro kikanyamaza kinajinyima kitoweo cha mwakani.

Nikirudi Bahi, ninawaomba wanaosimamia mradi wa Farkwa watangaze, kwa tarakimu na kwa Kiswahili, kiasi gani cha maji kitaachiwa kiteremke Bahi kila msimu wa mvua na kwa wiki ngapi. Watangaze katika mikutano ya vijiji vinavyolizunguka Ziwa Sulunga, mbele ya wavuvi na wakulima wa mpunga, kabla lango la bwawa hilo halijafungwa kwa mara ya kwanza.