Safari ya siku moja isikugharimu maisha

Msafiri aliye Athens, mji mkuu wa Ugiriki, aweza kupanda feri asubuhi katika bandari ya Piraeus na baada ya saa mbili hivi akawa kisiwani Hydra. Huko magari hayaruhusiwi. Watu hutembea kwa miguu na mizigo hubebwa na punda. Ni burudani kwa mapafu, lakini msimu wa joto ina hatari yake.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa si jua bali ni haraka. Kwa kuwa feri ya kurudi haimngoji mtu, mgeni hupanda ngazi na vilima saa saba mchana ili asikose kuona kitu. Mnamo Juni 2024 watalii kadhaa walikufa katika visiwa vya Ugiriki, vikiwemo Symi na Samos, baada ya kutoka kutembea wakati wa joto kali. Wagiriki wenyewe wana desturi ya kupumzika mchana. Mgeni ana ujuzi gani kuwashinda?

Nawe msomaji, usijidanganye kwamba Mwafrika hadhuriwi na jua. Kunywa maji kabla ya kiu, vaa kofia, na kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja kaa kivulini. Mwenzako akianza kuweweseka na mwili wake ukiwa moto, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee na upige simu 112.

Heri kuona nusu ya kisiwa ukarudi mzima.