Msiiuze Bastola kwa Sababu ya Kilengeo

Hapa Houston, bastola ya silinda ya .22 kama Heritage Rough Rider hupatikana kwa chini ya dola 200, na kila mara nakutana na watu uwanjani wanaoiuza kwa hasara wakidai haina shabaha. Wanaionea. Mtutu wake mara nyingi ni mzima. Kilichoachwa nusu ni kilengeo, na kazi hiyo mwenye mali anaweza kuimaliza nyumbani.

Mbele kuna kipande chembamba cha chuma kilichosimama juu ya mtutu, nyuma kuna mfuo uliochongwa kwenye mgongo wa fremu. Hakuna skrubu ya kuvisogeza. Tena vyote vina rangi moja na bastola yenyewe, basi sisi wa miwani hatujui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Anza na rangi. Toa risasi zote, zungusha silinda ukague kila tundu, risasi zikae chumba kingine. Futa mafuta kwa spiriti, paka rangi nyeupe ya kucha upande wa kilengeo cha mbele unaokutazama, ikikauka paka ya chungwa juu yake. Bila ile nyeupe, chungwa hufifia. Mfuo wa nyuma uwe mweusi usiong'aa.

Kinachoniudhi ni haraka ya kushika tupa. Chuma kilicholiwa hakirudi! Kwanza jaribu risasi za aina tatu nne, mikono ikiegemea mfuko wa mchanga. Kwa kawaida risasi nzito ya mwendo wa polepole hupiga juu kuliko nyepesi ya kasi, kwa kuwa bastola huwa imeanza kuinuka kabla risasi haijatoka mtutuni. Pengine boksi jingine la risasi linatosha kumaliza tatizo.

Zikiendelea kupiga chini, hapo tupa ina haki yake. Ukifupisha kilengeo cha mbele, unalazimika kuinua mtutu ili kilingane na mfuo, na risasi hupanda. Kama vilengeo vimeachana sentimita 18, na kwa mita 15 unapiga sentimita 8 chini, cha kuondoa ni kama milimita 1. Ondoa nusu yake, urudi uwanjani ukapime. Zikipiga juu, usiguse. Kuongeza chuma ni kazi ya fundi wa silaha, sawa na kifyatulio na nyundo, ambavyo sipendi kabisa mtu avichezee nyumbani. (Nasema ya Texas. Msomaji wa Tanzania au Kenya afuate leseni yake na sheria ya kwao.)

Palipopita tupa hubaki chuma kitupu. Papake dawa ya weusi siku hiyo hiyo, ndipo urudishe nyeupe na chungwa. Unyevu wa mji huu haucheleweshi kutu.